Kugawana Maswali ya Usaili wa Vyuo vya Udaktari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waombaji wa Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Ukurasa huu umeandikwa kwa waombaji wa masomo ya udaktari watakaoitwa kwenye usaili, pamoja na wazazi na walimu wao. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa na vijana wa Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega wanaojiandaa kwa mahojiano hayo, mara nyingi Jumamosi asubuhi katika darasa la kuazima, na swali linalorudi kuliko yote halihusu kemia wala magonjwa. Linahusu mwenzao aliyehojiwa jana: je, wamuulize alichoulizwa? Majibu yaliyo hapa ni maoni yangu pale yanapogusa uadilifu. Pale yanapogusa kanuni, mwombaji ausome mwaliko aliotumiwa na chuo chake, kwa kuwa huo ndio unaomfunga.

Nimepangwa na KUCCPS kusomea udaktari. Je, suala hili linanihusu?

Kwa sehemu kubwa, hapana. KUCCPS, iliyochukua nafasi ya bodi ya pamoja iliyojulikana kama JAB baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, huwapanga wanafunzi kwa kutumia matokeo ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, na alama za masomo ya kundi linalohitajika na kozi, bila kumwita mtu ajieleze. Anayepelekwa Maseno, Moi, Egerton au Masinde Muliro kwa njia hiyo hatakutana na paneli. Usaili huwakuta hasa wanaoomba vyuo vya Uingereza, Kanada na Marekani, na vilevile wanaotafuta ufadhili wa masomo. Familia nyingi za huku zimekwisha kuuonja mapema zaidi, siku mtoto alipoitwa mbele ya kamati ya ufadhili wa kidato cha kwanza na majirani wakamngoja barabarani wajue ameulizwa nini.

Usaili wa vituo ni upi, na kwa nini maswali yake huvuja kwa urahisi?

Zamani mwombaji aliketi mbele ya paneli ya watu wawili au watatu kwa nusu saa hivi, na mazungumzo yakafuata mkondo wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu wa Chuo Kikuu cha McMaster, katika mji wa Hamilton nchini Kanada, walianza kuugawa usaili katika vituo vifupi vingi, na maelezo yao ya kitaalamu yakachapishwa mwaka 2004. Mwombaji husoma kisa kilichobandikwa mlangoni kwa dakika mbili hivi, kengele hulia, huingia na kuzungumza kwa dakika chache, kengele hulia tena, naye huhamia mlango unaofuata. Vituo huwa kati ya vinane na kumi na viwili, kila kimoja kikiwa na mtahini wake, ili chuki au upendeleo wa mtu mmoja usiamue hatima ya mwombaji. Katika baadhi ya vituo kuna mwigizaji anayejifanya mgonjwa, jamaa ya mgonjwa au mwenzako kazini.

Ubora wa mpango huo ndio unaozaa udhaifu wake. Ili waombaji wapimwe kwa kipimo kimoja, inabidi wengi waulizwe jambo lilelile, na kwa kuwa hawawezi kuingia wote siku moja, yupo anayeingia Jumatatu na yupo anayengoja wiki tatu. Nchini Uingereza usaili wa udaktari huendelea kwa miezi kadhaa ya majira ya baridi, na kila mwombaji anaruhusiwa kuomba vyuo vinne vya udaktari tu kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya huko, hivyo watu walewale hukutana kwa mafungu, mmoja akiwa ametangulia chuo hiki na mwingine akimtangulia chuo kile. Vyuo hujikinga kwa kubadilisha visa kila siku, kwa kuwa na hazina kubwa ya maswali na kwa kumtaka kila mwombaji akubali kutosimulia yaliyomo. Ukuta wa kwanza na wa pili chuo hujenga chenyewe. Wa tatu hutegemea neno la kijana wa miaka kumi na minane.

Rafiki yangu alihojiwa Jumatatu, mimi nahojiwa Alhamisi. Nikimuuliza alichoulizwa, nitakuwa nimedanganya?

Kama yeye aliahidi kutosema, basi unamwomba avunje ahadi kwa faida yako, na ukilipokea jibu mmekuwa wawili. Sioni njia ya kulizunguka jambo hilo, ingawa nimewasikia vijana werevu wakijaribu. Mmoja aliniambia kwamba hakuuliza swali bali aliuliza “ilikuwaje”, akamwacha mwenzake amalizie mwenyewe. Mwingine alisema rafiki yake hakutaja swali, alimshauri tu asome sana juu ya haki ya mgonjwa kukataa matibabu. Wazazi wetu wanaikumbuka lugha hiyo tangu enzi za karatasi za KCSE, ambapo mwalimu hakutaja swali hata siku moja. Alisema tu kwamba sura ya tano ni nzuri, akarudia mara mbili akitazama dirishani. Kidokezo cha namna hiyo ni swali lililovaa kofia.

Nimeulizwa pia ni nani hasa anayeumia, maana chuo hakitapungukiwa na kitu. Anayeumia ni mwombaji wa tatu, yule aliyehojiwa Jumatatu pamoja na rafiki yako bila kujua lolote, ambaye sasa alama zake zitawekwa kando ya zako. Yeye alikiona kisa kwa mara ya kwanza na alikuwa na dakika mbili. Wewe ulikuwa na siku tatu. Nafasi zikiwa chache, na kwa wanafunzi wa kigeni huwa chache sana, tofauti ndogo ya alama humtoa mtu mmoja na kumwingiza mwingine, na aliyetolewa hatajua kamwe sababu.

Basi ni yapi ninayoweza kusimulia bila kosa?

Mengi kuliko watu wanavyofikiri, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu hofu ya kuvunja kanuni imewafanya baadhi ya waombaji wazuri wawanyime wenzao hata msaada ulio halali.

Jambo lolote ambalo chuo kimelichapisha chenyewe ni la umma: idadi ya vituo, muda wa kila kimoja, kama usaili ni wa ana kwa ana au wa mtandaoni, sifa zinazotafutwa, mifano ya maswali ya miaka iliyopita iliyowekwa kwenye tovuti. Baraza la vyuo vya udaktari la Uingereza huchapisha maelezo ya namna usaili unavyoendeshwa, na chama cha vyuo vya udaktari cha Marekani, AAMC, hufanya vivyo hivyo, bila malipo. Anayezisoma kurasa hizo katika saiba ya Kondele na kuwatafsiria wenzake kwa Kiswahili au Kijaluo amefanya kazi njema isiyo na doa.

Unaweza pia kusimulia mambo yako mwenyewe: kwamba ulizungumza haraka mno, kwamba ulisahau kumtazama mtahini, kwamba kimya cha sekunde kumi hakimuui mtu, kwamba umeme ulikatika na chuo kikakuruhusu kurudi mtandaoni, kwamba saa ya London iko nyuma ya yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na nusura ukose zamu yako. Hayo humfaa anayefuata kuliko swali lenyewe.

Mpaka uko wapi? Nitatoa mfano niliojitungia. Tuseme kituo kimoja kilikuwa na mwigizaji aliyejifanya binti wa mzee wa Kombewa, mgonjwa wa kisukari aliyeacha sindano za insulini na kuhamia dawa za mitishamba, naye binti anakutaka umlazimishe baba yake. Ukisema, “Jizoeze kumsikiliza mtu mwenye uchungu kabla ya kumpa ushauri,” umesema jambo ambalo kila kitabu cha maandalizi kinalisema. Ukisema, “Kuna kituo cha mwigizaji, na atakuja amekasirika,” umekaribia mstari, na kama chuo hakikutangaza kuwapo kwa waigizaji, umeuvuka. Ukitaja mzee, kisukari, sindano au binti, umevujisha. Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni hiki: je, ungeyasema maneno hayo mbele ya mtahini aliyekupa alama? Kama ungeshusha sauti, nyamaza.

Wenzetu wa shule za gharama Nairobi wana wakufunzi wanaolipwa na kaka zao wako vyuoni humo tayari. Sisi tukisaidiana kwa maswali, si tunasawazisha tu?

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote katika ukurasa huu, na sitaki kuipitia juu juu. Ni kweli kwamba uwanja hauko sawa. Mwanafunzi wa shule ya kutwa Nyakach, ambaye mwalimu wake wa biolojia hajawahi kumwona mtu aliyehojiwa na chuo cha Uingereza, hashindani kwa usawa na mwenzake ambaye mjomba wake ni daktari wa upasuaji na aliyefanyiwa usaili wa majaribio mara kumi sebuleni kwao. Anayekataa jambo hilo hajapanda matatu kutoka Ahero saa kumi na moja alfajiri akiwa na vyeti ndani ya mfuko wa nailoni.

Hata hivyo, tazama mkondo ambao swali lililovuja huupita. Huanza kwa aliyehojiwa mapema. Humfikia kwanza mwenye simu nzuri, mwenye bando, aliyemo ndani ya kundi la WhatsApp, aliyesoma shule moja na mvujishaji au anayesali naye kanisa moja. Kabla halijafika Nyakach limekwisha kupita Lavington, Milimani ya Kisumu na Milimani ya Nakuru. Sijawahi kuliona swali lililovuja likimfikia kwanza aliye mbali zaidi. Yule asiye na mtu ndiye anayebaki nje ya kundi, na hapo anashindana na mwenye mjomba, na mwenye mkufunzi, na sasa na mwenye swali.

Tulikwisha kulijaribu jambo hili kama taifa. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2015 karatasi ziliuzwa kwa simu, na waliofaidika walikuwa wenye pesa na waliojua pa kuuliza. Mwaka uliofuata, karatasi zilipolindwa kwa ukali chini ya Waziri Fred Matiang'i, idadi ya watahiniwa waliopata A nchini kote ilishuka kutoka zaidi ya 2,000 hadi 141. Mtu anaweza kubishana kuhusu namna karatasi hizo zilivyosahihishwa, na wengi walibishana, lakini sikumsikia mzazi wa kijijini akidai kwamba uvujaji wa mwaka uliotangulia ulikuwa umemsawazishia mwanawe mambo.

Kinachosawazisha ni kuufungua mlango kwa kila mtu: darasa la Jumamosi lisilo na ada, wanafunzi wa udaktari wa Maseno wanaokubali kujifanya watahini kwa saa mbili, mwalimu anayechapa mifano iliyotolewa na vyuo vyenyewe na kuipeleka katika shule ambazo hazijawahi kuomba. Kazi hiyo ni ya polepole na haina msisimko wa siri. Mwombaji wa kwanza kutoka shule fulani akirudi na kueleza umbo la usaili mbele ya darasa zima, badala ya kumnong'oneza rafiki mmoja maswali, shule hiyo imepata mjomba wake.

Je, kulijua swali mapema kunasaidia kweli?

Si kwa kiasi ambacho watu hudhani. Watafiti wa McMaster walilipima jambo hilo, na katika makala waliyochapisha mwaka 2006 walieleza kwamba waombaji waliopata vituo mapema hawakupata ongezeko la alama lenye maana. Sababu inaeleweka na yeyote aliyewahi kukaa upande wa mtahini. Kisa cha mlangoni ni cha kufungulia mazungumzo, na alama nyingi hutoka katika maswali ya kufuatilia, ambapo mtahini hukubadilishia hali: mgonjwa sasa ana miaka kumi na minne, au wewe ndiwe uliyekosea dozi. Jibu la kukariri husimama vizuri hadi swali la pili, kisha huanguka. Kwa mwigizaji hali ni mbaya zaidi, maana mtu anayelia mbele yako hafuati maandishi uliyoyaandaa.

Nimeona pia waombaji watatu wa kundi moja la majaribio wakianza jibu kwa sentensi moja ileile, koma hadi koma. Mtahini wa kweli angewatambua kabla ya chai.

Wapo watakaouliza: ikiwa hakusaidii, ubaya uko wapi? Utafiti huo ulipima alama. Haukupima ahadi. Tena kuna vituo vichache vinavyotegemea ujuzi wa jambo mahususi, kama vile kusoma grafu au kueleza hatua za kazi fulani, na hivyo anayevijua mapema hupata faida ya wazi.

Maswali ya miaka iliyopita je?

Yaliyochapishwa na chuo, tumia upendavyo. Yaliyosimuliwa na mtu aliyeahidi kutosema hayageuki kuwa halali kwa kuzeeka, kwa sababu vyuo hurudia vituo, wakati mwingine baada ya miaka kadhaa, na kukitunga kituo kizuri na kukijaribu ni kazi ghali. Maswali ya kawaida kabisa, kama vile kwa nini unataka kuwa daktari, hayana mwenyewe.

Mwanangu anahojiwa wiki ijayo, na kuna mkufunzi anayeuza maswali “halisi”. Nimlipe?

Mzazi, mweke kando. Ama maswali ni ya kubuni, na umenunua hewa, ama ni ya kweli, na yamekusanywa kutoka kwa vijana waliovunja ahadi zao, nawe unamfundisha mwanao kwamba nyumbani kwenu hilo ni sawa mradi ada imelipwa. Mkufunzi mwaminifu huuza muda wake na masikio yake: humsikiliza kijana akijibu, humkatiza, humrudisha. Ukitaka kumjua, muulize anachofanya mwanafunzi wake akirudi kutoka usaili akitaka kumwambia maswali. Ukiona anachukua kalamu, ondoka.

Nimetumiwa maswali kwenye simu bila kuyaomba. Nifanye nini?

Usiyasambaze, hata kwa kuuliza kama ni ya kweli. Mjulishe aliyeyatuma kwamba hukuyataka. Kisha kiandikie chuo barua pepe fupi kabla ya siku yako, ueleze kwamba umeona maudhui yanayodaiwa kuwa ya usaili, tarehe uliyoyapata na kwamba hukuyatafuta. Hulazimiki kumtaja mtu katika barua hiyo ya kwanza, ingawa chuo kinaweza kukuuliza. Najua hapa ndipo moyo husita, kwa kuwa huku kwetu kumripoti mwenzako huitwa usaliti na jina hilo hudumu. Lakini ukikaa kimya na habari ikafichuka baadaye, simu yako ndiyo itakayokuwa na ujumbe, na hakuna atakayeamini kwamba hukuufungua.

Nikiingia kituoni nikakuta swali ninalolijua?

Mwambie mtahini mara moja, kwa sentensi moja: “Naomba kusema kwamba kisa hiki nimewahi kukisikia.” Kama ulikutana nacho katika mazoezi ya kawaida, atakuambia uendelee. Kama kilivuja, chuo kitakuwa na njia ya kukupa kituo kingine au kuzipima alama zako bila hicho. Inatisha kusema hivyo huku saa ikienda. Ukisema, umejibu pia jambo ambalo kisa chenyewe huenda hakikuuliza.

Je, kusimulia maswali ni kosa la jinai?

Sheria ya Baraza la Mitihani la Kitaifa ya mwaka 2012, inayotoa kifungo kisichozidi miaka 10 au faini isiyozidi shilingi milioni 2 kwa kuvujisha mitihani, inahusu mitihani ya baraza hilo, yaani KNEC. Usaili wa chuo cha kigeni hauingii humo. Adhabu yake ni ya chuo: kuondolewa katika orodha ya waombaji, au kupokonywa nafasi iliyokwisha kutolewa. Mtihani wa UCAT, wa kupima uwezo wa waombaji kabla ya kuchaguliwa, unaotakiwa na vyuo vingi vya udaktari vya Uingereza, nao una masharti yake ya usiri, na kuuzungumzia swali kwa swali baada ya kutoka ni kuyavunja.

Nilikwisha kumsimulia mtu mwaka jana. Je, nimeharibu kila kitu?

Hapana, lakini usiendelee. Mwambie uliyemsimulia asiyapeleke mbele, na kama ulisambaza kwenye kundi, futa na useme kwa nini umefuta. Iwapo maswali hayo bado yanatumika, kukiarifu chuo ni jambo la uungwana, ingawa ninakiri kwamba sijamwona kijana aliyefanya hivyo bila kulala macho usiku mzima kwanza.

Mbona jambo dogo kama hili linakuzwa hivyo?

Kwa sababu kazi unayoiomba imesimama juu yake. Azimio la Geneva, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha mwaka 1948 na kulifanyia marekebisho mwaka 2017, linamtaka daktari azitunze siri alizoaminiwa hata baada ya mgonjwa kufa. Siku moja utafanya kazi katika wadi za Jaramogi, hospitali ambayo wazee wa Kisumu bado wanaiita Russia, na mgonjwa wako atakuwa jirani, mwalimu wako wa zamani au mke wa binamu yako. Watu watakuuliza kwa upole kabisa, sokoni Kibuye, fulani anaumwa nini. Swali lao litafanana sana na “ilikuwaje”.

Nilitoka kwenye kituo kimoja nikilia. Je, siwezi hata kumwambia mama yangu?

Unaweza. Mwambie kwamba kulikuwa na kituo kilichokugusa pabaya, kwamba kilikukumbusha baba au nyanya, kwamba ulishindwa kusema kwa nusu dakika na ukadhani umeanguka. Mama hahitaji kukijua kisa ili akukalishe na kukupa chai. Ikiwa maumivu ni makubwa kuliko hayo, kiandikie chuo, kwa kuwa vyuo vingi vina mtu anayeshughulikia ustawi wa waombaji, naye unaweza kumweleza yote bila kuvunja ahadi. Binti mmoja niliyemwandaa alikaa kimya kutwa nzima baada ya usaili wake wa mtandaoni, dada zake wakimzonga kwa maswali, hadi jioni akaniandikia ujumbe mmoja tu: “Mwalimu, kituo cha tano kilinivunja, nitakueleza baada ya Machi.” Alinieleza mwezi wa Aprili, matokeo yalipokwisha kutoka, na hata hapo alinieleza habari za nyanya yake tu.